Nakala Moja kwa Mbale

Bosi wangu alikuwa mtu mwema na fujo tupu. Natangulia kusema hivyo kwa sababu watu wakisikia nilichofanya kwa ajili yake hudhani nilimpenda. Sikumpenda. Miezi mitatu ya kwanza nilitamani kumtupia taipureta.

Nilikuwa sekretari wake Jinja, katika kampuni ya magunia na kamba. Wenyewe wa zamani walikuwa wamefukuzwa nchini, serikali ya askari ikaichukua kampuni na kumweka yeye awe mkurugenzi, mwalimu wa hesabu kutoka Mbale ambaye hakuwahi kuongoza kitu kikubwa kuliko darasa. Jumatatu hadi Jumatano alikaa Jinja. Alhamisi na Ijumaa alikuwa kwenye tawi la Mbale, karibu na nyumba yake ya Malukhu. Kwa hiyo barua ikitafutwa Jinja, iko Mbale. Ikitafutwa Mbale, iko kwenye mfuko wa koti lake pamoja na karanga. Siku moja aliwaita wanunuzi wawili wa kahawa kwa saa ile ile, watu ambao hawakusalimiana miaka mingi. Wakakaa kwenye benchi langu, kila mmoja na ukuta wake. Mimi ndiye niliyewapa chai, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Baba yangu alikuwa karani wa stesheni, Mkenya wa pwani aliyeletwa na reli akabaki. Ndiyo maana Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya nyumbani, wakati majirani zetu wa Mpumudde walikisikia kama mlio wa buti za askari. Baba alinilea kwa methali moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Niliiamini kuliko mahubiri. Basi asubuhi moja niliingia kwa bosi, nikafunga mlango nyuma yangu, nikamwambia ama tupange kazi, ama atafute mtu mwingine wa kutukanwa kwa niaba yake.

Akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. "Nyabo," akasema, kama bibi anavyoitwa kwa heshima kwetu, "wewe panga, mimi nitafuata."

Nikapanga. Kila asubuhi akiwa Jinja, kabla ya simu na kabla ya mgeni, alinipa robo saa. Yeye anasema, mimi naandika kwa hati mkato: nani anakuja, nani amepiga, nini kimeahidiwa. Jioni naongeza waliokuja bila miadi, kisha napiga chapa kila kitu kwenye ukurasa mmoja tuliouita karatasi ya siku. Karatasi ilikuwa adimu miaka ile, hata kaboni tuliitumia mpaka ikawa kama kitambaa, lakini karatasi ya siku haikukosa kutoka mara mbili. Ya juu iliingia kwenye faili langu. Ya chini iliingia kwenye bahasha ya dereva kwenda Mbale, ili bosi akifika huko karani awe ameshajua bosi aliahidi nini Jinja. Chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto, nilipiga maneno mawili: Nakala, Mbale.

Tulikuwa na mengine. Koti lake la kijivu likiwa kwenye kiti, yupo, hata kama ameteremka stoo. Koti likiondoka, ameondoka, na mimi sidanganyi mtu. Mlango ukiwa wazi, pita. Ukirudishwa nusu, ngoja. Ukifungwa, hata nyumba ikiungua nishughulike mwenyewe. Mgeni akimchosha, bosi aliagiza chai ya pili, na badala ya chai nilimletea faili na kusema Kampala iko kwenye simu. Kampala haikuwa kwenye simu hata siku moja. Huo ndio uongo pekee niliojiruhusu.

Karani wa Mbale alikuwa mzee wa Namatala, mvi tupu, miwani yake ameifunga nyuma ya kichwa kwa uzi wa gunia. Alikuwa amewatumikia wenye kampuni wa zamani tangu mimi sijazaliwa. Nilipokwenda kumfundisha namna ya kupanga faili alinitazama kama ninamfundisha kula ugali. Nikamwekea sheria: karatasi yoyote ikiulizwa, ipatikane ndani ya dakika mbili.

"Haraka haraka haina baraka, nyabo," akasema.

"Na polepole ina hasara, mzee," nikamjibu.

Mwezi wa pili bosi alimjaribu. Alitoa saa yake, akataja karatasi ya miezi ya nyuma, akaanza kuhesabu. Mzee alikwenda kwenye kabati bila kuharakisha, akaitoa, akaiweka mezani, akarudi kukaa na kukunja mikono kabla dakika ya kwanza haijaisha. Tangu hapo ikawa fahari yake. Kila siku saa nne na nusu nilimpigia simu kuhakikisha bahasha imefika, naye alianza na salamu ya kwao ya amani, "Mulembe, nyabo," na kabla sijauliza lolote alisema, "Dakika mbili. Nipe jina tu." Nilipenda kuisikia sauti yake. Mwaka mmoja mzima nilikuwa na furaha ya kazi, na sioni aibu kusema hivyo.

Nje ya ofisi mambo yalikuwa mengine. Karani wa benki aliyekaa meza ya tatu hakuja kazini, na wiki iliyofuata meza yake ikapewa mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Gari lisilo na namba likisimama mtaani, wenye maduka walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyuma. Kuhusu mto na miili iliyoonekana ikielea humo watu walisema maneno machache, na hayo machache waliyasema wakitazama pembeni. Mimi nilidhani mtu mwenye karatasi zake sawasawa hana la kuogopa. Nilikuwa mjinga, ila mjinga mwenye faili safi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuja mgeni asiye na miadi. Alisoma shule moja na bosi. Alikaa dakika ishirini, mlango ukiwa umefungwa, akanywa chai, akaondoka kwa miguu kuelekea sokoni. Jioni nikamwandika kama nilivyowaandika wote: jina lake kamili, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kesho yake bahasha ikaenda Mbale.

Jumatatu iliyofuata bosi aliingia bila kunisalimu. Akaniita, akafunga mlango. Karanga zilikuwa mkononi mwake na hakuzila.

"Yule bwana wa Jumanne," akasema. "Wamemkamata Tororo. Wanasema alikuwa anasafirisha barua za watu walioko nje. Wanazunguka kila mahali alipokunywa hata maji." Akazirudisha karanga mfukoni. "Nyabo, Jumanne saa nne hapa hakukuwa na mtu."

Nilielewa. Mtu aliyekutwa na jina kama lile kwenye kitabu chake hakuwa akipelekwa mahakamani. Alikuwa akipelekwa tu.

Sikumwuliza zaidi. Nilirudi mezani, nikatoa karatasi ya Jumanne kwenye faili, nikaipiga upya neno kwa neno kwenye mashine ile ile. Saa nne nikaandika: fundi wa mizani, amekagua, amesema atarudi. Ya zamani niliichoma kwenye jiko la chai pamoja na kaboni yake, nikakoroga majivu. Nilijisifu kwa kukumbuka kaboni. Nakala iliyokwisha kwenda Mbale haikunijia kichwani hata kidogo. Nimejiuliza maisha yangu yote ilikuwaje, na jibu ni kwamba kitu unachokifanya kila siku mkono ndio unaokijua, kichwa hakijui.

Afande alikuja kesho yake saa tatu asubuhi na askari wawili. Hakupiga kelele. Viatu vyake vilikuwa safi, na alinisubiri nimalize sentensi niliyokuwa naipiga.

"Jambo, mama. Bosi iko?"

"Yupo, afande." Koti lilikuwa kwenye kiti.

Alikaa kwa bosi kama nusu saa. Kisha wakatoka wote wawili, bosi akiwa na uso wa mtu anayetabasamu picha ikichukua muda kupigwa, afande akaomba kuona kitabu cha wageni. Nikampa faili. Alikaa kwenye benchi langu, akalilaza magotini, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Watu wa namna yake kwa kawaida walipindua meza. Huyu alisoma.

"Mimi pia nilikuwa karani," akaniambia bila kuinua kichwa. "Karani ya kambi, miaka sita. Hii kazi yako ni safi sana. Kila kitu iko hapa."

"Asante, afande."

Alifika Jumanne, akasoma, akapita. Kisha akarudi kwenye ukurasa ule, kidole kikateremka mpaka chini kabisa, upande wa kushoto, kikasimama.

"Nakala, Mbale," akasoma. "Hii ni nini?"

Nilikuwa nimeipiga upya neno kwa neno. Hata maneno yale mawili nilikuwa nimeyapiga upya, kwa sababu ukurasa usio nayo kwangu ulikuwa haujakwisha.

"Ni nakala ya ofisi ya Mbale, afande. Ya kawaida tu."

"Ya kila siku?"

"Ya kila siku."

Alifunga faili polepole na kunirudishia kwa mikono miwili. "Basi watu yetu ya Mbale wataangalia hiyo ingine. Ikikuwa sawa na hii, hakuna maneno." Akamwacha askari mmoja mlango wa mbele. Kwa bosi akasema, "Wewe kaa. Leo hakuna kusafiri." Akaondoka kwenda kambini, ambako simu zao hazikupitia kwa mtu.

Bosi aliniita. Alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Wakiingia kwa mzee na kutaja Jumanne, inamchukua muda gani?"

Alijua jibu. Alilipima mwenyewe kwa saa yake. "Dakika mbili," nikasema.

Bosi alikuwa mgane, na watoto wake walisoma bweni upande wa Kenya, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumpitia nyumbani kabla ya kukimbia. Nyuma ya stoo palikuwa na lori la Mkenya mmoja aliyetuletea nyuzi za katani asubuhi ile, akirudi Busia na magunia matupu. Niliteremka kama ninayekwenda kuhesabu marobota. Nilimweleza dereva kwa sentensi mbili. Alinitazama, akatazama lango la nyuma, akasema, "Dada, mimi sikuona mtu. Magunia ndiyo nimepakia." Mpaka mpakani, kwa lori lile na vizuizi vya njiani, ni saa mbili na nusu. Wakipata ile nakala kabla hajavuka, kizuizi cha kwanza kingepigiwa simu.

Bosi alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akalinyoosha mabega kwa kiganja. Hakusema kwaheri. Alisema, "Endelea na kazi, nyabo," akateremka ngazi za stoo.

Hapo ilikuwa saa nne na robo. Nilikaa mbele ya simu nikaitazama. Simu ya Mbale ilipitia kwa mtu wa kuunganisha laini, na sote tulijua masikio yalikuwa zaidi ya mawili. Nikipiga wakati usio wangu, wangejua. Nikasubiri robo saa nzima. Nilipiga chapa barua ambayo haikuwa na maana yoyote, ili askari wa mlangoni asikie mashine.

Saa nne na nusu nikapiga.

"Mulembe, nyabo. Dakika mbili. Nipe jina tu."

"Mulembe, mzee. Bahasha imefika?"

"Imefika."

"Mzee, ile karatasi ya Jumanne ya wiki iliyopita. Leo sina haraka nayo. Hata ikipatikana saa nane, ni sawa."

Mwaka mzima sikuwahi kumwambia sina haraka. Nilisikia anavuta kiti chake.

"Hata saa nane," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya." Akakohoa. "Kweli leo macho yangu si mazuri, nyabo." Akakata simu.

Siku ile nzima niliendesha ofisi ya mtu asiyekuwepo. Saa tano nilipeleka chai ndani, nikafunga mlango, nikainywa mwenyewe nimesimama, nikatoka na kikombe kitupu. Nilirudisha mlango nusu, nikaufungua, nikaufunga tena. Nilisema "Ndiyo, bosi" mara kadhaa. Mgeni alikuja, nikamwambia mkurugenzi ana kazi, akaliona koti kupitia mlango, akaondoka ameridhika. Askari wa mlangoni aliomba chai, nikampa. Kila tulichojenga kwa ajili ya kazi kilifanya kazi, na mimi nilikaa nimefunga mikono yangu kwenye kanga chini ya meza.

Afande alirudi saa nane na nusu. Alipita moja kwa moja, akasukuma mlango, akasimama mbele ya kiti. Aligusa koti, akaweka mkono mfukoni mwake, akatoa karanga. Akala moja.

"Wewe karani mzuri sana," akaniambia. Niliogopa sentensi ile kuliko kofi.

Walinichukua. Siku ya kwanza siiandiki. Siku ya pili afande aliniletea taipureta, kwa sababu karani wao alikuwa anapiga kwa kidole kimoja, na siku tatu nikawachapia taarifa zao. Ya nne katika rundo ilikuwa ya Mbale. Karani wa tawi, ilisema, alitakiwa kutoa karatasi ya Jumanne kuanzia saa tano kasorobo. Alisema macho yake si mazuri. Alifungua kabati moja, kisha lingine. Alimwaga faili sakafuni na kuzipanga tena. Alipopigwa miwani ilivunjika, akasema sasa ndiyo haoni kabisa. Ilipatikana saa nane na robo. Mtuhumiwa ameshughulikiwa.

Nilifika chini ya ukurasa, upande wa kushoto, na vidole vyangu vyenyewe vikapiga Nakala. Hapo vikasimama. Nililia juu ya mashine ile, na yule karani wao wa kidole kimoja akajifanya hanioni.

Wakaniachia, sijui kwa nini. Nilirudi kazini, kwa mkurugenzi mpya aliyekuwa meja na hakuandika kitu. Mwezi ule ule mke wa mzee alitoka Namatala kuja kuniuliza habari za mumewe. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara, mwanamke mfupi, ameshika miwani isiyo na vioo iliyofungwa uzi wa gunia. Nikamwambia tarishi aseme sipo. Niliingia stoo nikakaa nyuma ya marobota mpaka akaondoka. Koti langu lilibaki kwenye kiti na sijui kama aliliona.

Nimefikiria mengi niliyoweza kusema kwenye simu ile. Ningeweza kumwambia aichane, na wangemchukua saa ile ile, na bosi angeishia kizuizi cha Iganga. Ningeweza kumwambia bahasha zimekwisha, aende kuninunulia, na labda angeelewa akaenda asirudi. Hilo la pili lilinijia baada ya wiki mbili. Wakati ule nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani. Nilimpa mzee saa ya kushikilia, sikumpa njia ya kutokea, na hakuniuliza.

Serikali ile ilipoanguka bosi alirudi. Alikuja kwangu Mpumudde na kilo mbili za sukari kutoka Kenya, amenenepa, nywele zimeota mvi. Nilimpa chai. Aliniambia alivyolala chini ya magunia, alivyosikia askari wa kizuizi akichoma rundo kwa fimbo, alivyovuka saa saba hivi na vumbi la katani kooni.

"Mpango wako ndio ulioniokoa, nyabo," akasema. "Nimewasimulia watu wengi." Akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Na yule mzee wa Mbale? Bado karatasi ni dakika mbili?"

Nilimtazama. Miaka yote ile hakujua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ila mimi.

"Siku ile ilimchukua saa tatu na nusu," nikasema.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilimwona akihesabu: kutoka saa tano kasorobo, lori, barabara, mpaka saa saba. Nilimwona anafika kwenye jibu. Aliweka kikombe chini na hakukishika tena.

Kisha aliniuliza mjane wa mzee anakaa upande gani wa Namatala. Nikamwambia sijui, tutaulizana tukifika, kwa sababu na mimi nilikuwa sijawahi kwenda.